Tiba ya mfungamano ni kitu gani, na nitampataje mtaalamu wa kunifaa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Nikipata mtu anayenipenda kwa dhati, baada ya muda napoa na kuanza kumhesabia kasoro. Akichoka akaondoka, namlilia miezi. Rafiki yangu amenishauri nimwone mtaalamu wa saikolojia, na nimepata majina matatu. Mmoja anajitambulisha kuwa anatoa “tiba inayojikita kwenye mfungamano”. Ni tiba gani hiyo? Ndiyo ile ya kumlaumu mama kwa kila kitu? Na nitajuaje kama ni mtaalamu kweli? Niliwahi kwenda kwa mwingine, nikaacha baada ya mara nne bila kuaga.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile ulilolitupia mkiani kana kwamba ni dogo, kwamba uliacha mara ya nne bila kuaga. Usilionee aibu, ila usilifiche pia. Yeyote utakayemchagua, mwambie hilo siku ya kwanza, kabla hata ya habari za wapenzi. Katika tiba unayoiulizia, ulivyoondoka kwa mtaalamu wako ni habari kubwa kuliko ulivyoondoka kwa mtu mwingine yeyote, na sababu yake nitaieleza hapo chini.

Mfungamano ni kile kifungo cha kihisia kati ya mtoto mdogo na mtu anayemlea. Aliyeiweka nadharia yake ni John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hamng’ang’anii mlezi kwa sababu ya maziwa tu, bali amezaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu wa kumkimbilia anapoogopa. Mwenzake, Mary Ainsworth, alikwenda Uganda mwaka 1954 na kutembelea familia 26 za maeneo ya Kampala, akiwaangalia watoto na kuzungumza na mama zao. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama, anakwenda kuchungulia kitu, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha anaendelea na safari yake. Yaani mama ni mahali pa kutokea, na pia mahali pa kurudia mambo yakiharibika.

Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, alibuni jaribio la dakika kama 20 hivi: mama na mtoto wa mwaka mmoja chumbani, mgeni anaingia, mama anatoka, mama anarudi. Watu wengi hudhani kinachopimwa ni kilio cha mama anapotoka. Kinachoangaliwa zaidi ni pale anaporudi. Mtoto wa kwanza anamkimbilia, anabebwa, anatulia, muda si mrefu yuko kwenye vitu vyake vya kuchezea. Wa pili anajikausha. Hainui hata kichwa, anasukuma kigari chake kana kwamba hakuna aliyeingia. Wa tatu anang’ang’ania shingo ya mama huku akimpiga mateke, habembelezeki. Watafiti waliofuata, Mary Main na Judith Solomon, walieleza kundi la nne: mtoto anayeganda katikati ya chumba, au anayemwendea mzazi kinyumenyume, pengine kwa sababu anayemkimbilia ndiye huyohuyo anayemtisha.

Nakuomba umtazame vizuri yule wa pili. Watafiti walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, yalikuwa yamepanda kama ya wanaolia. Amejifunza mapema tu kwamba kuonyesha haja yake hakumletei faida. Anayemwona kwa nje atasema huyu hajali.

Sasa usikimbilie kujipa jina. Siku hizi kila mtu amejaza dodoso la maswali kumi kwenye simu na kujitangaza “mkwepaji”, yaani kama yule mtoto wa pili, halafu anamtangaza na mpenzi wake. Makundi yale yalitengenezwa kwa ajili ya kuchunguza watoto wadogo, wala si majina ya maradhi. Mtu mzima anaweza kuwa mkavu kwa mpenzi na laini kabisa kwa dada yake. Tena, makundi hayo si hukumu ya maisha. Main na wenzake waliwakuta watu wazima waliolelewa kwa shida lakini wanaoweza kuusimulia utoto wao kwa utulivu, bila kuupamba wala kuzama ndani yake, na wakawahesabu miongoni mwa wenye mfungamano salama, kama yule mtoto wa kwanza.

Kuhusu mama: hapana, hatushtaki mtu. Tunauliza ulijifunza nini kuhusu watu ulipokuwa huna uwezo wa kuchagua. Mama aliyekulea huku amefiwa, au akiwa kazini toka alfajiri hadi usiku, anaweza kuwa alikupenda kupita kiasi na bado wewe ukajifunza kutoomba kitu.

Niseme sasa kinachofanyika ndani ya chumba, maana hapo ndipo tiba hii inapotofautiana na ushauri wa kawaida. Tuseme mtaalamu anamwambia mteja: “Wiki mbili zijazo nitakuwa likizo.” Mteja anajibu, “Sawa, hamna shida.” Akirudi baada ya likizo anachelewa dakika 20, anakaa na mkoba mapajani, anasema kwa adabu kwamba anajisikia vizuri na labda tiba imetosha. Mwingine angempongeza na kumuaga. Huyu wa mfungamano atasema taratibu, “Najiuliza kama likizo yangu ilikugusa.” Mteja atakataa. Pengine atakataa mara tatu. Wiki nyingine atakubali kwamba alikasirika, kisha ataona mtaalamu hajakasirika naye wala hajamkimbia. Tukio dogo kama hilo, likirudiwa mara nyingi kwa sura tofauti, ndiyo tiba yenyewe. Yale unayowafanyia wapenzi utamfanyia na mtaalamu, na safari hii kuna mtu wa kuyatazama pamoja nawe yakiwa bado ya moto. Umeona sasa kwa nini nimeanza na ile mara ya nne.

Jina lenyewe, hata hivyo, lisikulevye. Ipo tiba ya wanandoa aliyoiendeleza Sue Johnson, na ipo ya vijana na wazazi wao aliyoiasisi Guy Diamond kwa ajili ya vijana wenye sonona. Hizo zina utaratibu ulioandikwa na mafunzo yake. Kwa mtu mzima anayekuja peke yake, “mfungamano” mara nyingi ni miwani anayovaa mtaalamu, wala si njia moja yenye hatua zinazojulikana. Kwa hiyo muulize: umejifunzia wapi, na kwa mtu kama mimi huwa unafanya nini hasa?

Kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuiruka. Zamani ziliibuka “tiba” za watoto zilizotumia jina linalofanana na hili, za kumkandamiza mtoto kwa nguvu eti hadi akubali kupenda. Mwaka 2000 huko Colorado, msichana wa miaka 10 alikufa kwa kukosa hewa akiwa amefungwa ndani ya shuka katika zoezi la “kuzaliwa upya”, na wawili walioliongoza walifungwa jela. Mtu yeyote anayekueleza habari ya kumshikilia mteja kwa nguvu, mkubwa au mtoto, chukua mkoba wako uondoke.

Kumhakiki mtaalamu si kazi kubwa. Muulize amesajiliwa na baraza gani, kisha uthibitishe mwenyewe kwenye baraza hilo. Mwanasaikolojia tiba, mnasihi na daktari wa magonjwa ya akili ni watu tofauti. Daktari ndiye anayeandika dawa. (Mimi umeniita daktari, nashukuru, lakini sina dawa ya kukuandikia.) “Kochi wa mahusiano” ni jina ambalo sehemu nyingi mtu yeyote anaweza kujipachika. Ada, na malipo ukikosa kufika, uliza hukohuko kwenye simu.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: “Mteja akikukasirikia, huwa unafanya nini?” Sikiliza jibu, lakini sikiliza zaidi jinsi anavyolipokea. Akijitetea, au akicheka kwamba wateja wake hawakasiriki, kwako wewe huyo hafai. Akisema, “Hutokea, na wakati mwingine kosa huwa langu,” mpe nafasi. Ongeza: nani anakusimamia kitaaluma? Mtu mwenye msimamizi anajibu bila kusita.

Usidanganywe na joto la kupitiliza. Anayekuahidi kukupokelea simu saa yoyote, anayekwambia atakuwa mama ambaye hukuwa naye, au anayekusimulia ndoa yake, anakuvutia kwenye jambo asiloweza kulibeba. Muda unaoanza na kuisha saa ileile unaweza kuonekana ubaridi, lakini mtu unayejua atakuwepo lini ndiye unayeweza kumtegemea. Mapenzi kati ya mtaalamu na mteja ni mwiko wa taaluma, hata aanze nani.

Hukuandika kwamba unawaza kujidhuru, wala kwamba kuna mtu anayekupiga. Kama lipo mojawapo, usingoje miadi. Nenda hospitali, au mwambie leo mtu unayemwamini.

Yule wa zamani unaweza kumwandikia mistari miwili kama utapenda, si lazima. Kwa hawa watatu, piga simu kwa wa kwanza useme: “Nina tabia ya kuondoka bila kuaga mambo yanapoanza kuwa mazuri. Ukiona naanza kujikausha, naomba uniulize.” Kisha nyamaza, umsikie atakavyojibu.