Vyuma vya kiwiko: kazi inaanza ukishatoka chumba cha upasuaji

Mtu akisikia umewekewa vyuma kwenye kiwiko, atakwambia upumzishe mkono. Usimsikilize. Kiwiko hukakamaa upesi sana, na kikishakakamaa kukirudisha ni shughuli nzito kuliko upasuaji wenyewe.

Mimi niliangushwa na bodaboda, mfupa wa juu ya kiwiko ukapasuka hadi ndani ya kiungo. Mvunjiko wa aina hiyo kwa mtu mzima kwa kawaida huwekewa pleti mbili, yaani vibamba vya chuma, kimoja kila upande, zikakazwa kwa skrubu. Ukivunjika ile ncha unayoegemea mezani, habari ni tofauti: msuli wa nyuma ya mkono huivuta juu, na kipande kikishaachana na mwenzake hurudishwa na kufungwa kwa waya au pleti.

Pleti inaushika mfupa ili kiungo kianze kusogea hata kabla haujaunga. Kwa hiyo muulize daktari mapema: naanza lini kukunja, na niishie wapi? Mimi niliruhusiwa siku chache tu baada ya upasuaji. Nililala chali, mkono usioumia ukausaidia ule uliovunjika, nikakunja taratibu, nikakunjua. Inauma, nisikudanganye. Nilikuwa nameza dawa ya maumivu kwanza, nasubiri ikolee.

Mkono usiponyooka hadi mwisho, usikate tamaa. Mwaka 1981, Bernard Morrey na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walipima na kuona kazi nyingi za kila siku hufanyika kiwiko kikiwa kati ya nyuzi 30 na 130, sifuri ikiwa mkono umenyooka. Kipimo changu kilikuwa tonge. Siku lilipofika mdomoni bila mimi kuinamisha shingo, nyumba nzima ilipiga vigelegele, kana kwamba nimejifungua.

Ila ukunje mwenyewe au na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Shangazi aliniletea mzee wa kukanda na chupa ya mafuta. Nikakataa kwa adabu, shangazi akanuna wiki nzima. Kuvutwa kwa nguvu kunaweza kuvuruga mfupa ambao haujaunga, na inahofiwa kuwa huchangia mfupa kuota ndani ya misuli.

Angalia pia kidole cha mwisho na jirani yake. Neva yao inapita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani. Ganzi ikizidi, au vidole vikikosa nguvu, rudi hospitali usingoje kliniki. Kidonda kikitoa usaha, vivyo hivyo. Na sigara huchelewesha mfupa kuunga, kwa hiyo weka kando.

Vyuma si lazima vitolewe. Hutolewa vikisumbua, hasa vya kwenye ncha ya kiwiko ambako ngozi ni nyembamba. Omba uandikiwe aina ya pleti uliyowekewa na utunze karatasi hiyo pamoja na eksirei: vichwa vya skrubu hutofautiana, na daktari atakayekuja kuzifungua atahitaji bisibisi inayoingia.