Wanaulizia ukumbi wa baa halafu wanapotea

Kaka, umeuliza kwa nini watu wanaulizia ule ukumbi wako wa juu kwa sherehe kisha kimya. Mara nyingi shida si bei, ni majibu. Anayetafuta pa kufanyia bethidei ameshatuma meseji sehemu kadhaa kwa mpigo, na anayemjibu mapema kwa maelezo kamili ndiye anayempata. "Karibu, njoo tuongee" si jibu hilo. Mwambie palepale: tarehe yake iko wazi au la, wanaenea wangapi wakikaa na wangapi wakisimama (ni namba mbili tofauti kabisa), muziki unazimwa saa ngapi, keki ya kuja nayo inaruhusiwa?

Siku za katikati ya wiki, ambapo ukumbi unalala tupu, futa kodi ya ukumbi. Weka kiwango cha chini cha matumizi: wakikifikisha kwa vinywaji na chakula hawadaiwi zaidi, wasipofikisha wanajazia. Mteja hulipa kwa moyo mweupe kitu anachokiona mezani. Ijumaa na Jumamosi usilegeze, maana ukiwapa wenye sherehe ukumbi siku hizo unawafungia mlango wateja wako wa kawaida.

Malipo ya awali ni lazima, na masharti ya kughairi yaandikwe, hata kwa meseji tu.

Picha nazo! Viti vitupu havimvuti mtu. Piga ukumbi ukiwa umepambwa, taa zimewaka. Na daftari la tarehe liwe moja, kaunta, la sivyo utapokea sherehe mbili usiku mmoja.