Kabla ya Mkasi: Ushauri kwa Wanagenzi wa Mifarishi ya Viraka na Mazulia ya Matambara

Anayetaka kuanza kazi ya mifarishi ya viraka na mazulia ya matambara nyumbani kwake, hasa katika mji kama Mombasa ambako nguo kuukuu hazikosekani, kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue cherehani gani. Jibu langu ni kwamba cherehani inaweza kungoja. Kazi hii ni ya kuchambua kabla ya kuwa ya kushona, na vitu vingi vinavyoharibika mikononi mwa wanagenzi huwa vimeharibika tangu kitambaa kilipokuwa bado kimekunjwa kwenye gunia, kwa sababu hakuna aliyekikagua na kuamua kiende wapi.

Vitambaa vyenyewe hupatikana kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Mafundi wa nguo hubaki na vipande kila siku, na wengi hufurahi kuviondoa chini ya meza zao, mradi uende jioni wakati wateja wamepungua na uchukue gunia zima bila kuchagua mbele yao, kwani fundi aliyekupa kwa wema hapendi kuona unamrudishia takataka. Katika soko la Kongowea kuna mitumba ya kila aina, na anayenunua kwa kazi yetu hana haja ya kugombania nguo za juu za robota. Shuka iliyotoboka, shati lenye kola iliyochakaa na suruali ya jinzi isiyo na zipu vinamfaa sawasawa na vile vizima, na bei yake ni ndogo. Hata hivyo usitegemee chimbuko moja tu. Mwaka 2020, serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, aliyekuwa na mazoea ya kupita kwa mafundi aliendelea kushona.

Ukishafika na mzigo nyumbani, jambo la kwanza ni kujua kila kitambaa kimetengenezwa kwa nini. Macho hudanganya na vidole hudanganya, hasa kwa leso, yaani kanga, ambazo siku hizi hupatikana za pamba na za poliesta zikiwa na michoro ileile. Kata uzi mchache pembeni, ushike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, kisha uuguse kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika, ilhali poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko wa viwili hivyo hutoa dalili za vyote viwili. Jaribio hili huchukua muda mfupi na huzuia hasara kubwa, kwa maana pamba na poliesta zikishonwa bega kwa bega katika mfarishi mmoja, pamba hunywea ikifuliwa nayo poliesta hubaki ilivyo, na matokeo yake ni mfarishi wenye mikunjo ambayo hakuna pasi itakayoinyoosha.

Kwa sababu hiyohiyo kila kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa, kikiwa kipya au kikuukuu. Leso mpya huja na dondo linaloifanya ionekane nzito na imara, na mpaka dondo hilo litoke huwezi kujua umenunua nini. Nyekundu na nyeusi, ambazo ndizo rangi za leso nyingi tuzipendazo, zichunguzwe kwa kusugua kitambaa cheupe kilicholoweshwa: rangi ikihamia kwenye kile cheupe, leso hiyo iloweke na kuisuuza peke yake mara kadhaa hadi maji yatoke safi, na kama haikomi kutoa rangi iondoe katika fungu la mfarishi. Utaambiwa utie chumvi au siki ili rangi ishike. Mimi sikushauri upoteze chumvi yako, kwa kuwa kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani hakibadiliki kwa njia hiyo, na kinachosaidia ni kusuuza tu. Hapa lazima nitaje maji, maana visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi ambayo hayatoi povu na huacha kitambaa kikakamavu. Ukiwa huna maji ya mfereji siku hiyo, fua kwa maji ya kisima lakini usuuze mara ya mwisho kwa maji matamu, hata kama ni ya kununua kwa mtungi. Aidha fanya ufuaji mkubwa wakati wa kaskazi, jua likiwa kali. Mzigo uliofuliwa wakati wa masika na kukunjwa ukiwa na unyevu kidogo utaota ukungu, na madoa yake meusi hayatoki.

Sasa ndipo mafungu yanapogawanywa. Pamba nyembamba zenye uzito unaolingana, yaani leso, shuka, mashati na mabaki ya madira ya pamba, ziende kwenye mfarishi. Fulana, jinzi, vikoi vizito, mapazia na kila kilicho imara lakini hakina uso wa kupendeza viende kwenye zulia. Poliesta si ya kutupwa, kwa sababu zulia la mlangoni mwa bafu lililosukwa kwa poliesta hukauka upesi kuliko la pamba, ila lisichanganywe na pamba katika msuko mmoja. Sare za shule zina kitambaa kinachodumu sana na rangi zilizotulia, nami huziona ni mali iliyodharauliwa. Fulana za kampeni, ambazo baada ya kila uchaguzi hujaa mjini, ni nyepesi mno kwa zulia la sebuleni, na tena mteja wako huenda hapendi kukanyaga uso wa mheshimiwa wake, au pengine anapenda kupita kiasi.

Mzaha huo unanifikisha kwenye jambo ambalo mafunzo ya kigeni hayawezi kukufundisha, nalo ni leso na maneno yake. Leso ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na jina ndilo linalotaka akili. Kuna majina ya baraka na kuna majina ya vijembe, na leso ya kijembe haifai kuwekwa katika mfarishi wa kitanda cha bibi harusi hata kama rangi zake zimependeza namna gani, kwa sababu wageni watakaoingia chumbani watausoma mfarishi ule kabla ya kuusifu. Pia angalia mkasi unapita wapi. Leso iliyoandikwa “Usisafirie nyota ya mwenzio” ikikatwa vibaya ikapoteza herufi tatu za mwanzo, itabaki ikiamuru kinyume chake. Kanuni yangu ni kwamba jina ama hubaki zima katika kipande kimoja kirefu, ambacho hupendeza sana kikiwekwa ukingoni, ama huondolewa lote. Leso zenye jina la Mwenyezi Mungu, dua, au picha ya msikiti haziingii kabisa kwenye zulia la kukanyagwa, wala hazisukwi kwa hoja kwamba maandishi yatafichika ndani, kwa kuwa aliyeisuka anajua yamo. Zitenge, na ukiulizwa zimekwenda wapi uwe na jibu. Na ukiletewa leso za marehemu ili uzifanye mfarishi wa kumbukumbu, usikate chochote mpaka wenye leso wote wamekubaliana, kwa maana kitambaa kikishakatwa mgogoro wa ndugu utakuwa umehamia barazani kwako.

Kuhusu mfarishi wenyewe, hali ya hewa yetu ndiyo mwongozo. Maelekezo yanayotoka nchi za baridi hutaka tabaka nene la kati, lakini hapa mfarishi wa namna hiyo utakaa kabatini mwaka mzima. Weka katikati shuka kuukuu la pamba au blanketi jepesi lililochakaa, au shona tabaka mbili tu, la viraka na la bitana, na utakuwa na kitu ambacho watu watajifunika kweli, hasa kati ya Juni na Agosti wakati usiku unapopoa. Usijaribiwe na sufi, ambayo ni nzuri kwa mito lakini ndani ya mfarishi husogea na kufanya mabonge baada ya kufuliwa. Vipande vikatwe kufuata uzi wa kitambaa, si hanamu, kwa kuwa kipande cha hanamu huvutika unapokishona na mraba wako hugeuka kitu kingine. Acha robo inchi kwa ajili ya mshono, piga pasi kila mshono kabla ya kupitisha mwingine juu yake, na kabla ya mishono ya kushikiza tabaka zote, zipige bandi zikiwa zimelala sakafuni zimenyooka.

Asiye na cherehani ana njia nyingine ambayo inatuhusu kwa damu. Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, ambao asili yao ni huku Afrika Mashariki, hushona mifarishi iitwayo kawandi bila kuunganisha viraka kwanza. Mshonaji hutandika kitambaa cha bitana, huanzia ukingoni, hukunja ncha za kila kiraka kuelekea ndani na kukishona moja kwa moja juu ya bitana kwa bandi ndogondogo zinazozunguka pande zote nne, akisogea taratibu hadi afike katikati, na pembeni huweka pambo dogo la vitambaa vilivyokunjwa. Kwa njia hii vipande havihitaji kulingana, sindano moja na subana vinatosha, na kazi inapofika katikati huwa imekwisha kushikizwa yote. Mimi humwanzisha kila mwanagenzi hapa, kwani mkono uliozoea bandi zinazolingana hautahangaika baadaye.

Zulia la kusuka lina hesabu zake. Kata tepe za pamba za upana wa inchi mbili hadi tatu, na za jinzi ziwe nyembamba zaidi, kwa sababu kinachotakiwa ni misuko inayolingana unene wala si tepe zinazolingana upana. Fulana ikatwe kwa kuzunguka mwili wake chini ya makwapa, ili ipatikane tepe moja ndefu isiyo na kiungo, na ukiivuta hujikunja yenyewe na kuficha ncha zake. Viungo vya tepe nyingine vishonwe hanamu ili visifanye nundu, na tepe tatu unazoanza nazo ziwe na urefu tofauti, la sivyo viungo vyote vitakutana mahali pamoja na hapo ndipo zulia litakapokatikia. Kusuka hula takriban theluthi ya urefu, kwa hiyo anayetaka msuko wa yadi mbili aandae tepe za yadi tatu.

Kwa zulia la umbo la yai, toa upana katika urefu, na kitakachobaki ndicho urefu wa msuko wa katikati: zulia la futi 5 kwa futi 3 huanza na msuko wa futi 2, kisha msuko huohuo unazungushwa na kushonwa ubavuni mwa mwenzake. Waliolelewa na bibi zao wakishona ukili kuwa mkeka tayari wanaijua kazi hii kwa nusu. Tofauti iko kwenye kona, ambako msuko wa nje una safari ndefu kuliko wa ndani, na kwa hiyo lazima uuachie nafasi kwa kuruka kitanzi kimoja kimoja cha msuko wa nje unapopita kwenye pinde. Ukikaza, zulia litainua kingo zake kama bakuli, na ukilegeza mno litafanya mawimbi. Kasoro zote mbili huonekana mapema kwa anayeshonea juu ya meza au sakafu, lakini hujificha kwa anayeshonea mapajani. Uzi uwe wa pamba imara au ule wa washona viatu uliopakwa nta. Uzi wa nailoni wa nyavu unapatikana kirahisi Mombasa na unavutia kwa uimara wake, lakini hukata pamba polepole kutoka ndani, na zulia huachia ghafla.

Mambo ya nyumbani hayahitaji maneno mengi. Cherehani ya miguu haijali stima ikipotea, lakini hewa ya bahari huila, basi ipake mafuta, ifunike, na sindano uziweke kwenye kopo lenye mfuniko. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi. Kuchambua na kukata kufanywe asubuhi kwenye mwanga, na kusuka, ambako hakutaki macho, kubaki kwa barazani jioni.

Bei huwatatiza wengi, kwani mteja huona matambara na kufikiri hayana gharama. Andika saa zako. Zulia lililokula saa 20 za kazi, hata kama umejihesabia shilingi 100 tu kwa saa, ni shilingi 2,000 kabla ya uzi, maji na nauli ya Kongowea, na asiyetaka kulipa hivyo muuzie dogo la mlangoni badala ya kulipunguzia bei kubwa. Chukua malipo ya awali kabla ya kukata leso za mtu. Mweleze mteja kwamba zulia lililolowa ni zito na halining'inizwi kwenye kamba, bali hulazwa juu ya ukuta mfupi au mkeka na kugeuzwa, na kwamba mfarishi huanikwa kivulini. Kisha weka kando kipande cha kila kitambaa ulichotumia, kikiwa kimefungwa pamoja na kipimo cha uzi na jina la mwenyewe, kwa sababu kazi ya kutengeneza zilizochakaa huleta fedha za uhakika kuliko kazi mpya, na mteja atakaporudi na pembe iliyofumuka atataka kiraka kinachofanana.