Surua ikiingia nyumbani

Dada, umeuliza kama kumlaza mwanao mwenye surua chumba cha peke yake kutawakinga wadogo zake. Mtenge, ndiyo, ila jua umeshachelewa kidogo, wala si kosa lako: surua huanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatoka, na huendelea hadi siku 4 baadaye. Kirusi chake huelea hewani hata saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, kwa hiyo kusugua vitasa (wengi hukazania hapo) hakutoshi. Fungua madirisha. La haraka ni chanjo: asiyechanjwa akiipata ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, huenda akanusurika. Pigia kituo cha afya simu kwanza, usiwapeleke moja kwa moja kwenye foleni yenye watoto wachanga.