Ramani ya mbao imepasuka: usilaumu gundi

SWALI: Mimi ni seremala, niko Tanga. Nilimtengenezea mteja ramani ya Mlima Kilimanjaro kwa tabaka za mtiki za milimita 4, upana 450 na urefu 600. Nyuzi za kila tabaka nilizipishanisha na za chini yake ili ipate nguvu. Nilitumia gundi nyeupe na kupaka vanishi mbele. Baada ya miezi mitatu ofisini kwake Dodoma imebinuka, na tabaka la chini lina ufa. Muuza gundi ananishauri epoksi. Fundi mwenzangu anasema niongeze vanishi na kupiga misumari midogo. Narudia kazi: nitumie gundi gani?

JIBU: Ileile, fundi. Gundi yako ilishika vizuri, ndiyo maana umepasuka ubao na si maungio.

Kinachotuharibia kazi kila siku ni imani kwamba mbao ikishakauka haichezi tena. Inacheza maisha yake yote, kwa kunywa na kutoa unyevu wa hewa. Pwani, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ubao hutulia ukiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Upeleke penye hewa ya asilimia 50, utashuka hadi 9 hivi. Mtiki ni miongoni mwa mbao tulivu, lakini ubao wake uliopasuliwa bapa hupungua upana kwa karibu asilimia 0.19 kwa kila asilimia 1 ya maji inayotoka. Piga hesabu: asilimia 7 zimetoka, upana ni 450, hiyo ni karibu milimita 6. Kufuata urefu wa nyuzi, haupungui hata milimita moja. Wewe umeligundisha tabaka linalotaka kupungua milimita 6 kwenye tabaka linalokataa kupungua. Epoksi ingelishika kwa nguvu zaidi na ufa ungekuja vilevile. Misumari ndiyo kabisa: kila msumari ni mahali pa ufa kuanzia.

Najua kupishanisha umekuiga kwenye plaiwudi. Plaiwudi hutulia kwa sababu karatasi zake ni nyembamba, idadi yake ni witiri, na pande mbili za katikati zinalingana. Mlima haulingani: chini tabaka pana, juu kipande cha kiganja.

Vanishi nayo huchelewesha unyevu, haiuzuii. Ukipaka mbele tu, mgongo unatoa maji haraka kuliko uso na ramani inabinuka. Mipako ya nyuma iwe sawa na ya mbele.

Kwa hiyo rudia hivi. Nyuzi za tabaka zote zifuate upande wa 600, mbao za aina moja, zenye ukavu mmoja. Kwa skeli ya 1:125,000 na tabaka moja kila mita 250, kimo kinakuzwa mara 2: kitako, kisha kontua (mstari wa kimo kimoja) ya mita 1,000 hadi ya 5,750, jumla tabaka 21, unene milimita 84. Mlima wenyewe, kutoka mita 750 hadi 5,895, bila kukuzwa ungekuwa milimita 41 tu, na ukutani ungeonekana kama sahani iliyofunikwa. Tabaka za kati zitoboe ndani, ukiacha milimita 25 za kulaliwa na tabaka la juu. Uzito unapungua sana.

Kuanzia kontua ya 4,500 vilele vya Kibo na Mawenzi vinaachana, na kipande cha Mawenzi huteleza ukikibana kwenye gundi mbichi. Toboa matundu mawili ya milimita 3 kupita tabaka zote mbili kabla ya kupaka gundi, kisha chomeka vijiti vya mishikaki. Gundi iwe nyembamba na isifike ukingoni, acha milimita 5. Ikitoka kwenye ngazi inaziba vinyweleo na vanishi itaacha baka jeupe hapo. Bana saa moja, ngoja saa 24.

Ubao wa kutundikia ufunge kwa skrubu: za mstari wa katikati zikaze, za pembeni zipite kwenye matundu marefu ya milimita 12 yenye washa, marefu kufuata upana, ili mlima upumue.

Sasa ukavu. Kugonga ubao kwa kidole na kusema "huu mkavu" ni ubabaishaji, na kuuanika siku mbili juu ya bati ni kuupasua ncha huku ndani umebaki mbichi. Kata kipande mbali na ncha, kipime uzito, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi hadi uzito usishuke tena. Tofauti gawanya kwa uzito mkavu, kisha zidisha kwa 100. Kwa Dodoma tafuta asilimia 10 au 11. Kosa hilihili la kuuzuia ubao usicheze ndilo linalopasua meza zilizogundishwa fremu pande zote na vibao vya majina ya ofisi. Mafundi wa milango ya paneli hawatii gundi kwenye mfereji wa paneli, wanaiacha icheze.

Na ile iliyopasuka usiizibe kwa vumbi la mbao na gundi. Mvua za Dodoma zikianza Desemba ubao utavimba, ufa utataka kujifunga, na ulichojaza kitasukuma kingo hadi ngazi za juu zianze kubanduka.