Mwanafunzi mwenye usonji anapiga na kung'ata wenzake, shule ifanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, shule ya msingi ya serikali hapa Dar, darasa langu lina watoto 80 na kitu. Nina mvulana wa miaka 9 mwenye usonji (autism), maneno yake ni machache sana. Mwaka huu ameanza kulipuka, anapiga wenzake, anarusha madaftari, na wiki iliyopita kaning'ata mkono mpaka damu ikatoka. Mwalimu wa zamu akamchapa, hali ikawa mbaya zaidi, wakamfungia stoo mpaka mama yake alipokuja kumchukua. Sasa wazazi wengine wanataka aondolewe na mwalimu mkuu ananiuliza mimi. Akianza tumfanyeje? Na je, kumrudisha nyumbani kila akilipuka ni sahihi?

JIBU: Pole sana mwalimu, na kabla sijaenda kwa mtoto naomba nianze na mkono wako. Kidonda cha meno ya binadamu kinaingiza vijidudu haraka kuliko watu wanavyodhani, kama ngozi ilichanika na hukwenda zahanati, nenda leo, waangalie pia kama chanjo yako ya pepopunda bado iko ndani ya muda. Siku nyingine akishika kwa meno usivute mkono, najua mwili wenyewe unataka kuvuta lakini ukivuta ndo nyama inachanika, wewe sukuma mkono taratibu kuelekea ndani ya mdomo wake, taya zitalegea zenyewe. Akishika nywele au mtandio, bana mkono wake na kiganja chako kuelekea kichwani kwako, usipambane kumtoa.

Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapy), nafanya kazi na watoto wa aina hii na walimu wao, na kitu kimoja nakisema kila shule ninayoingia: ule mlipuko mnaouona ni mwisho wa safari, kazi ya shule iko kwenye ile nusu saa ya kabla. Wakati wa mlipuko wenyewe mtu mzima anatakiwa afanye vitu vichache sana, tena polepole, na shida ya shule nyingi ni kwamba kabla hawafanyi kitu alafu mlipuko ukija wanafanya kila kitu kwa pamoja, walimu watano wanamzunguka mtoto, kila mmoja anampigia kelele na amri yake.

Tofautisha kwanza. Mtoto anayelia ili apewe kitu anakuangalia kama unamuona, ukimpa ananyamaza. Mtoto mwenye usonji aliyelemewa, hata ukimpa kile alichokuwa anataka haachi, mana akili yake wakati huo haipokei tena maelekezo, hata lile neno la "acha" analolijua vizuri siku za kawaida halimfikii. Kwahiyo ukimuuliza "kwanini umempiga mwenzako" pale pale unamwongezea sauti tu kwenye kichwa ambacho kimeshajaa. Na fimbo ni hivyo hivyo, inaongeza maumivu juu ya mwili ambao tayari unahisi kila kitu kupita kiasi, ndo mana ulivyoona mwenyewe alichapwa akazidi. Haikuwa jeuri ile mwalimu.

Na kwa kuwa umetaja fimbo niseme na upande wa kanuni. Kanuni za viboko za Tanzania Bara zinaanzia 1979, zikabadilishwa 2002, viboko visizidi 4, mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na lazima iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa zamu kudaka fimbo na kuchapa pale pale hata kanuni zenyewe haziruhusu. Wenzetu Kenya wameshakataza kabisa adhabu ya mwili shuleni. Mimi kwa mtoto huyu ningesema hata hicho kimoja kisiwepo, na ningemwambia mwalimu mkuu atangaze hivyo ofisini mbele ya walimu wote, na mlinzi na mama wa uji wawepo wasikie.

Sasa akianza. Toa darasa, usimtoe yeye. Kumburuta mtoto aliyelipuka kupita katikati ya watoto 80 ndo njia ya kupata majeraha, lakini watoto wenzake wanaweza kutoka kwa mstari chini ya dakika moja kama mmewazoesha, mchague viranja wawili mwafanyie mazoezi siku ya utulivu, neno moja tu wakilisikia wanajua wanatoka nje chini ya mti. Abaki mtu mzima mmoja anayemjua, ikiwezekana wewe, wa pili asimame mlangoni asiongee. Simama pembeni yake, usimkabili uso kwa uso wala usimkodolee macho, umbali ambao mkono wake haukufikii, ondoa vinavyorushika, chupa ya maji ya chuma, rula, viti vidogo. Sauti ya chini, maneno mawili matatu, yale yale, "niko hapa", "upo salama", alafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu zaidi kwetu walimu na watu wa tiba, tunahisi tusipoongea hatufanyi kazi.

Kumshika ni pale tu kuna hatari ya kweli, anakimbilia barabarani, anajigonga kichwa ukutani. Hapo washike watu wawili, akiwa amesimama au amekaa, na mwachie mara tu hatari ikipita. Kamwe asilazwe kifudifudi, asikaliwe mgongoni wala kifuani, asizibwe mdomo kwa kanga au sweta. Hili silisemi kutisha mtu. Mwaka 2018 huko California, Marekani, mtoto wa miaka 13 mwenye usonji alifariki baada ya walimu kumkandamiza kifudifudi sakafuni zaidi ya saa moja, na ile ilikuwa shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Mtoto aliyelala kifudifudi na uzito juu yake kifua hakipanuki, na akihangaika kutafuta hewa mtu anadhani bado anapigana, anazidi kukandamiza. Na stoo ya kufunga kwa nje hapana, naomba hilo liishe jana. Anachohitaji ni kona, mkeka nyuma ya kabati au chumba kidogo cha ofisi, sehemu ambayo mlango uko wazi, anaingia mwenyewe na anatoka mwenyewe, na ameshazoeshwa kukaa hapo siku nzuri ili asipaone kama mahabusu.

Akitulia msikimbilie kumfundisha adabu. Ni kama uji umeuepua, juu umetulia lakini ndani bado unaunguza, anaweza kuchukua nusu saa, wengine hata zaidi, na ukimlazimisha aombe msamaha au arudi kwenye hesabu ndani ya huo muda analipuka mara ya pili. Mpe maji, mwache apumzike, alafu aanze na kazi rahisi anayoiweza.

Twende sasa kwenye ile nusu saa ya kabla. Chukua daftari moja, kila tukio andika tarehe, saa, mahali, nani alikuwa karibu, nini kilitokea dakika chache kabla, alifanya nini, ninyi mlifanya nini, ilichukua muda gani. Usiandike "alikuwa mkorofi", andika kilichoonekana kwa macho. Fanya wiki mbili. Kuna shule moja walimu waliniapia kabisa kwamba mtoto wao analipuka bila sababu, daftari likaonyesha karibu kila tukio ni saa 4 asubuhi kwenda saa 5, tena siku za uji. Nikaenda kukaa pale dirishani. Kengele yao ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, hatua chache kutoka dawati lake, mwanafunzi wa zamu anaigonga kwa nondo, na yule mtoto nikamuona anaanza kubana masikio na kuinama kabla hata nondo haijagusa rimu, kwa kuwa ameshajua saa imefika, alafu kengele ikilia watoto wote wanakimbilia foleni ya uji, wanasukumana, yeye anasukumwa, anampiga wa kwanza aliye karibu. Wakabadilisha vitu viwili tu, anatoka na kikombe chake dakika tano kabla ya kengele pamoja na rafiki yake mmoja, na anapewa uji wa kwanza. Hakuacha kupiga moja kwa moja, lakini asubuhi zilitulia, na walimu wakaanza kumpenda.

Kwako inaweza ikawa kitu kingine kabisa. Mvua kwenye bati, kola ya shati jipya, mwalimu mgeni, ratiba iliyobadilika bila kuambiwa, kunakili ubaoni kwa dakika arobaini. Utaona na dalili zake kabla, wengine wanaanza kutembea kwa vidole, kurudia neno moja, kuvuta kola, kuziba masikio, kupepesa mikono kwa kasi kuliko kawaida. Hapo ndo pa kuingilia, mtume apeleke chaki ofisi ya pili, mtoe nje azunguke mti.

Na umesema ameanza mwaka huu. Mtoto ambaye hakuwa anapiga alafu akaanza ghafla, na hana maneno ya kusema "naumwa", mimi wa kwanza kumtuma ni daktari kabla ya mtu yeyote kuongelea tabia. Jino lililotoboka, sikio, choo kigumu cha siku nyingi, kukosa usingizi. Kifafa pia, watoto wenye usonji wanakipata zaidi kuliko watoto wengine na sio lazima aanguke chini, anaweza tu kukodoa macho na kupotea kidogo, kisha anabaki amechanganyikiwa na hasira. Mwambie mama yake aangalie mdomoni na tochi ya simu leo leo, na aulizie choo.

Kitu kingine ni kumpa njia ya kuomba. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Carr na Durand, walionyesha kwamba watoto waliokuwa wanafanya fujo darasani ili kukwepa kazi ngumu au kupata mtu wa kuwaangalia, walipofundishwa maneno mafupi ya kuomba kitu kile kile, fujo zilipungua sana. Mpaka leo tunatumia njia hiyo. Kwa mtoto wako mwenye maneno machache kata boksi, chora mtoto amekaa chini ya mti, hiyo ndo kadi ya kupumzika, ifunge na uzi kwenye dawati lake. Mfundishe akiwa ametulia, mshike mkono akupe kadi, hapo hapo mruhusu atoke dakika tatu, rudia mara nyingi. Mwanzoni kila akitoa kadi mpe, hata kama ni mara kumi kwa siku na unaona anakutumia, mana anajifunza kwamba kadi inafanya kazi kuliko meno. Kuchelewesha kidogo kidogo kutakuja baadaye.

Hapo sasa ndo utaona jibu la kumrudisha nyumbani. Anang'ata, baada ya dakika chache mama anakuja, anaenda mahali pasipo na kengele, watoto 80 wala hesabu. Mmemfundisha kwamba kung'ata ndo nauli ya kwenda nyumbani, na mama anaacha shughuli zake kila mara kuja kumchukua. Mpigieni simu na siku aliyofanya vizuri pia, maskini mama huyo akiona namba ya shule moyo unamruka. Kama ana kidonda au hali imezidi sana aende, sawa, lakini isiwe ndo utaratibu.

Wazazi wengine wasikilizeni kwa heshima, watoto wao wana haki ya kutopigwa na msiifiche hiyo. Waiteni kikao, waambieni mpango ulioandikwa, nani anafanya nini akianza, kengele imehamishwa wapi, ila habari za hospitali za mtoto msizitaje bila ruhusa ya mama yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa huyu mtoto haki ya kusoma, kwahiyo kikao kisigeuke kura ya kumfukuza.

Mtu akikwambia kuna dawa, ni kweli zipo, kwa mfano risperidoni ambayo Marekani iliidhinishwa 2006 kwa hasira kali za watoto wenye usonji, inaweza kupunguza milipuko lakini haiondoi usonji, na inaleta usingizi na kunenepa. Ni uamuzi wa mama na daktari wa watoto au wa afya ya akili, Muhimbili wapo. Kazi yako hapo ni daftari, daktari anayeona mtoto robo saa akipata kurasa za wiki mbili zenye saa na matukio anafanya kazi tofauti kabisa.

Kuhusu kumhamishia shule yenye kitengo cha usonji, hapo Dar vipo, Msimbazi Mseto ni mfano, na inawezekana ikamfaa zaidi mana wana walimu waliosomea. Ila muanze haya kwanza mkiwa mnasubiri nafasi, aende akiwa na kadi yake na daftari, wasije wakaanza naye upya.