Maswali yenu: ripoti yazidisha pesa na testi zote kijani

SWALI: Kaka fundi salama? Nimemuandikia sistimu jamaa ana duka la jumla hapo Kongowea, natumia Django, ile fremuweki ya Python ya kutengenezea mifumo ya wavuti. Kila oda ina bidhaa zake na malipo yake, si wajua wateja wetu wanalipa kidogokidogo, leo M-Pesa kesho keshi. Sasa kwenye menija yangu (kodi ya Django inayokaa na kweri za jedwali) nimeandika kweri moja, yani ombi la data kwa databesi, inatoa kila oda na idadi ya bidhaa na jumla ya malipo, nikaiandikia testi, kodi ndogo ya kuikagua, ikapita vizuri tu. Juzi mwenye duka kanipigia simu, kuna mteja kalipa 2,000 halafu 3,000 na ripoti yasema amelipa 15,000! Nishaangalia kila mahali sioni kitu. Naitengeneza vipi, na ntajuaje haitarudi tena?
Binti wa Kisauni

JIBU: Salama dada. Hukunambia lakini nabahatisha hiyo oda ina bidhaa tatu, sivyo? Unga, mafuta, sabuni, kitu kama hicho. Umeweka Count (kuhesabu) ya bidhaa na Sum (kujumlisha) ya malipo ndani ya annotate moja, ile amri ya kuongeza hesabu kwa kila oda, na Django ikifika hapo inaunganisha majedwali yote kwa joini, kwa hivyo kila bidhaa inakutana na kila malipo, tatu mara mbili, safu sita. Ile 2,000 imehesabiwa mara tatu na 3,000 mara tatu, ndo hizo 15,000 zako. Angalia na idadi ya bidhaa utakuta imeandikwa sita, basi tu hakuna aliyelalamika maana sio pesa. Jambo hili hata maelezo ya Django yenyewe yanaonya, sema ni nani hufika ukurasa ule kabla hajaungua.

Mtu atakwambia weka distinct=True yaishe. Kwa Count sawa, weka. Kwa Sum usijaribu! Inajumlisha viwango visivyofanana tu, mteja akilipa 2,500 leo na 2,500 kesho, utamwandikia kalipa 2,500 na hapo ugomvi wake ni mkubwa kuliko wa kwanza. Jumla ya malipo itoe peke yake kwa Subquery (kweri ndani ya kweri) na OuterRef (inayoifunga kwa oda ya kweri ya nje), izungushie Coalesce iwe sifuri kwa oda ambayo haijalipwa chochote, la sivyo utapata None, yani hakuna kitu, na ripoti ikufie mkononi. Ile default waliyoiongeza kwenye Sum tangu Django 4.0 hapa haikusaidii, kwa sababu ndani ya Subquery oda isiyo na malipo haina hata kundi la kujumlisha.

Haya, kwa nini testi ilikuwa kijani, yani imepita? Nina hakika oda yako ya testi ina bidhaa moja na malipo mamoja. Moja mara moja ni moja, hapo kosa halina pa kuonekana hata ukirun mwaka mzima. Wengi wetu twaandika data ya testi kama ya maonyesho, safi, mteja mzuri, kalipa yote kwa mara moja, na mteja huyo Kongowea hayuko. Kwa hivyo kwenye setUpTestData, pale data ya testi inapoandaliwa, weka oda ya bidhaa tatu na malipo mawili YANAYOFANANA, 2,500 na 2,500. Usiweke 2,000 na 3,000 kama za mteja wako, hizo zitanasa joini tu. Zikifanana, kweri ya zamani itatoa 15,000, ya distinct itatoa 2,500, na iliyo sawa itatoa 5,000, yani oda moja inakamata makosa yote mawili. Ongeza oda nyingine isiyo na malipo kabisa, na ya tatu ya mteja mwengine, hiyo ya kuhakikisha OuterRef imefunga malipo kwa oda yake na sio ya jirani.

Jibu unalolitarajia liandike kwa mkono, 5000, usilipige hesabu kwa kweri nyengine ndani ya testi, utakuwa waufananisha uongo na uongo. Na kabla hujagusa ile kweri, irun testi kwanza uione nyekundu kwa macho yako, iseme 15000 sio 5000. Testi ya rigresheni (ya kuzuia kosa la zamani lisirudi) ambayo haijawahi kuanguka mimi siihesabu kuwa testi, bado ni maneno.

Kuna watu pia wanahifadhi maandishi ya SQL yenyewe, lugha ya databesi, halafu testi inalinganisha herufi kwa herufi. Mimi sipendi, Django ikipanda toleo SQL inaweza kubadilika umbo na majibu yakabaki yaleyale, utashinda ukirekebisha testi ambazo hazijakwambia kitu. Linganisha majibu. Ukihofia kweri kuwa nyingi tumia assertNumQueries, hiyo yahesabu ngapi zimekwenda kwa databesi.

SWALI: Fundi, sistimu yangu ya tuktuk, safari za saa nane za usiku zinaingia kwa ripoti ya jana. Testi yangu yapita mchana, usiku yaanguka. Ni jini ama?
Kijana wa Likoni

JIBU: Sio jini bwana, ni saa. Mombasa iko masaa matatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), saa nane usiku hapa huko ni saa tano usiku ya siku iliyopita, na TIME_ZONE yako naona umeiacha UTC vile vile ilivyokuja na projekti. Weka Africa/Nairobi. Ukiwa na USE_TZ, mpangilio wa saa za kanda, kichujio cha tarehe cha __date kinageuza saa kwanza ndo kikachuja, lakini SQL uliyoiandika mwenyewe kwa mkono haigeuzwi, hiyo ni juu yako.

Kwenye testi usitumie saa ya sasa hivi, ndo maana yaanguka usiku tu. Weka saa maalum, saa nane usiku ya tarehe mosi ya mwezi, hapo unapima siku na mwezi kwa pamoja. Na kama fildi yako ina auto_now_add, inayojiwekea saa ya sasa yenyewe, saa unayoipa wakati wa create itatupwa kimyakimya, tengeneza rikodi kwanza halafu ibadilishe kwa update.

SWALI: Testi narun kwa databesi ya SQLite kwenye laptopu, ya seva ni PostgreSQL. Kuna ubaya?
Mzee wa Mwembe Tayari

JIBU: Shikamoo mzee. Kwa kweri za kawaida utapita, kwa hizo za kujiandikia ubaya upo. Kutafuta jina kwa contains, SQLite haitofautishi herufi kubwa na ndogo, "ali" itampata Ali, ukifika kwa seva Ali hayuko. Data tupu (NULL) pia, ukipanga kutoka ndogo kwenda kubwa SQLite inaziweka mbele, PostgreSQL nyuma. Weka PostgreSQL kwenye laptopu, Django itajifungulia databesi yake ya testi yenye test_ mbele ya jina, ile ya kazi haiguswi, na ukiona yachukua muda kuanza ongeza --keepdb, isiifute databesi ya testi kila mara. Na pale mpangilio wa data tupu una maana kwako, usiiachie databesi iamue, andika nulls_last=True mwenyewe.